Mbwa Aliyefundishwa Kuchukia Gunia

Yaya yangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, alirudi nyumbani adhuhuri moja ya kiangazi, akiwa na mbwa. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nikimalizia sketi ya mteja, nilipoona pikapu ya kukodi inasimama mbele ya lupango, kiwanja chetu chenye uzio. Yaya alishuka na begi moja na godoro lililokunjwa. Kisha akavuta waya nyuma ya pikapu, na kutoka chini ya turubai akaruka mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, masikio yamekatwa, shingo imechubuka pale waya ulipokaa.

Tunakaa Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika mojawapo ya nyumba za safu ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Baba alituachia nyumba hiyo alipofariki. Wakati ule tulikuwa mimi na mama tu, pamoja na paka wake. Yaya alikuwa mlinzi kwenye depo ya kununua mawe ya shaba na kobalti, nje ya mji, kwenye barabara ya malori. Depo ilikuwa imefungwa ghafla, kwa sababu ambazo hakutueleza. Wakubwa walipotawanyika, yeye aliondoka na mbwa.

"Uyu hapigaka kelele," alisema, akimfunga kwenye mti wa paipai nyuma ya jiko. "Mutamuzoea. Kitu kimoja tu: mutu asipite karibu yake na muzigo ku bega. Ku kichwa, sawa. Ku bega, hapana."

"Juu ya nini?" mama akauliza.

"Njo vile tu, mama."

Alisema kama mtu anayekuonya kwamba sufuria ni ya moto. Mama alimtazama mbwa, mbwa akamtazama mama. Hakutikisa mkia, wala hakunguruma. Alilala kifudifudi, kidevu juu ya vumbi, macho wazi. Paka alikuwa amepanda juu ya bati la jiko tangu pikapu iliposimama, na hakushuka hadi jioni.

Nimefuga kuku, nimefuga sungura, na mbwa wa majirani nimewazoea tangu utoto. Kila mbwa niliyemjua alikuwa na kelele zake, na kwa kelele hizo ungejua ana furaha, ana njaa, au anakuambia usogee. Huyu hakusema lolote. Nilipokuwa nikishona nilimsikia tu akipumua nyuma ya ukuta, na pumzi zile zikikatika ghafla nilijua kuna mtu anapita barabarani na mzigo.

Ninachojua kuhusu wanyama nimejifunza kwa mama, ingawa yeye hajawahi kukiita mafundisho. Paka wake alikuja kwetu akiwa mdogo, amejaa viroboto, mwizi wa samaki. Jirani alimshauri ampake pilipili puani. Mama hakutaka kusikia. Aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, na paka akija anapewa kipande cha samaki mkavu, chini, kwenye kigae chake. Akipanda mezani, mama hakumpigia kelele. Alimshusha, akageuza uso, na samaki akachelewa kuja. Haikupita muda mrefu paka akaelewa kwamba mezani hakuna kitu.

"Munyama hajue zambi," mama husema. "Anajua wapi anakula na wapi anaumia. Ukimupiga, atajua tu kuwa wewe njo mahali ya kuumia."

Muuza makala, yaani makaa ya kupikia, ndiye aliyetuonyesha mbwa wetu alikuwa nani. Alikuwa baba mmoja aliyekuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mutshatsha, mtu tuliyemzoea, na kwa kawaida aliingia mwenyewe hadi jikoni. Siku hiyo nilikuwa ndani, nikitafuta uzi. Nilisikia akimsalimu mama, nikasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, na mara moyo ukaniambia: gunia. Nilitoka mbio. Alikuwa tayari ameliinamia, ameliinua, amelitupa begani.

Mbwa hakubweka. Aliinuka na kuruka kwa pamoja, kamba ikakatika kwenye mti kama uzi mbovu. Alilenga begani. Meno yalishika gunia, karibu kabisa na shingo ya yule baba, na makala yakamwagika juu yao wote wawili. Baba wa watu alianguka kwa magoti. Mbwa aliendelea kurarua gunia, bila sauti, macho yamefumba nusu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Lâche!" Yaya alipaza sauti kutoka mlangoni. Achia. Mbwa akaachia palepale, akalala kifudifudi, uso mweusi kwa vumbi la makala.

Yaya alitoa kipande cha waya mnene wa umeme kutoka nyuma ya mlango. Sikujua kama alikuwa na kitu hicho nyumbani. Alipouinua, mbwa alitambaa kumwendea, tumbo chini, na kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu akatikisa mkia. Jambo hilo liliniogopesha kuliko meno yake.

Mama alisimama kati yao.

"Weka chini," alisema. "Baba yenu hakupigaka mutu mu hii nyumba, hakupigaka munyama. Weka chini, mutoto yangu."

Yaya aliweka chini. Mama akamsafisha muuza makala uso na shingo kwa maji ya vuguvugu. Hakukuwa na jeraha, ila mkwaruzo, lakini yule baba hakurudi tena, na habari ilitangulia kila mahali. Watu wakaanza kuvuka barabara kabla ya kufika kwetu. Wateja wangu walisimama mbali na kuniita niwafuate. Vijana wanaochimba mawe hupita mtaani kwetu asubuhi wakielekea machimboni, gunia tupu limekunjwa kwapani, na jioni wanarudi nalo limejaa, begani. Walipoambiwa, baadhi yao walisimama kwenye uzio na kutazama ndani. Hawakutukana. Walitazama tu, wakaenda zao.

Asubuhi moja mama alikuta bonge la nyama chini ya uzio. Nyama ya ng'ombe, nyekundu, ambayo hakuna mtu mtaani kwetu angeitupa. Inzi waliokuwa juu yake walikuwa wamekufa. Ilikuwa imeangukia mahali ambapo kamba yake ilimfikisha, na mbwa alikuwa ameilalia karibu, mate yanamtoka, hajaigusa. Kule depo walikuwa wamemfundisha asile chochote bila amri, na nilikuja kujua baadaye walivyomfundisha. Yaya aliizika ile nyama kwenye shimo refu, akaweka jiwe juu.

"Batamuua," nilimwambia.

"Afazali," alijibu, lakini alikuwa ameketi karibu na mbwa, bega kwa bega, na hakuondoka pale asubuhi yote.

Nilianza kumfundisha upya siku hiyohiyo. Sikuwa na kitabu, wala sikuwa na mtu wa kumuuliza nifanye nini. Nilikuwa na kikombe cha mama na samaki wakavu. Kwanza nilimwondolea ule waya shingoni, nikamshonea ukanda mpana wa kitambaa cha jinzi. Nilinunua mnyororo ambao hautakatika, nikaufanya mrefu aweze kuchagua kukaa kivulini au juani, kusogea kwangu au kukaa mbali nami. Kwa muda mrefu sikufanya lolote zaidi ya kugonga kikombe na kumtupia samaki. Mwanzoni hakula. Alingoja amri. Nilipogeuka kuondoka ndipo nilipomsikia akitafuna, haraka haraka, kama mwizi.

Kisha nikaleta gunia. Nilitandika gunia tupu chini, mbali sana, karibu na choo, nikagonga kikombe. Manyoya ya mgongoni mwake yalisimama. Akilitazama na kisha kunigeukia mimi, alipata samaki. Akilikodolea macho na pumzi zikikatika, nilijua nimelisogeza karibu mno, nikalirudisha nyuma. Hapo ndipo nilipojifunza kumsoma. Kwamba mdomo ukifunga ghafla ni hatari. Kwamba anapolamba pua wakati hakuna chakula, anaomba nafasi. Ukifika wakati akapiga miayo bila usingizi, siku hiyo kazi imekwisha. Sikumlazimisha kukaribia gunia hata mara moja. Nilingoja alikaribie mwenyewe.

Yaya alikuwa akitazama kutoka dirishani. "Mbwa si katekumeni," alisema siku moja. "Unamufundisha katekismu?"

"Kuja umusaidie, basi."

Alifunga pazia.

Mvua za kwanza zilinyesha na kazi yetu bado ilikuwa ya gunia lililolala chini. Kulikuwa na siku tulizorudi nyuma kabisa, kwa sababu lori limepita na kishindo au kijana amepita barabarani na mzigo wake. Paka, kwa upande wake, alikuwa ameamua mambo yake mwenyewe. Kikombe kikigongwa naye anakuja, anakaa kwenye ukuta mdogo wa jiko akidai fungu lake, na mbwa alipoona paka anakula bila kuulizwa, nadhani kuna kitu kililegea ndani yake. Kufikia katikati ya masika niliweza kulishika gunia mkononi. Kisha kulikumbatia kifuani. Begani sikuthubutu.

Tulikuwa tukitengeneza uzio, yaya na mimi, mchana mmoja baada ya mvua kubwa kuuangusha. Nilimuuliza nani alimfundisha mbwa hivi. Alipigilia msumari, akapigilia mwingine.

"Mi," alisema.

Alinieleza bila kuniangalia. Walimpokea mbwa akiwa mdogo. Walikuwa wakijaza gunia majani, wanalifunga kwenye bega la mtu wa miti, na ndani yake wanaficha chakula. Mbwa hakula mahali pengine. Ili ale, ni lazima aruke mpaka juu na kulipasua. Akibweka, anapigwa, kwa sababu mbwa anayebweka anamshtua mwizi kabla hajaingia. Akila bila neno la amri, anapigwa. Baadaye wakaweka mtu badala ya miti, mlinzi aliyevaa makoti mawili.

"Na kisha?"

"Kisha njo kazi ikaanza."

Kulikuwa na kijana mmoja, mchimbaji, aliyepita chini ya ukuta wa depo na gunia. Yaya hakujua hata kama mawe yalikuwa ya depo au ya kwake mwenyewe. Kuna neno walilomfundisha mbwa, neno la kumtuma. Alilisema.

"Nilisema mara moja tu," yaya alisema. "Halafu nikasema lâche, na hakusikia. Nikasema tena. Njo pale nilimupiga na ile waya. Ule kijana, benzake balimubeba. Sijui balimupeleka wapi. Sijui kama alipona."

Nilibaki nimeshika ubao. Ndani, mama alikuwa akiimba polepole huku akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Neno gani, yaya?"

"Usiulize."

"Tunakaa naye. Mi nashika mufuko mbele yake kila siku. Tukilisema bila kujua?"

"Hamutalisema. Si neno ya kila siku. Ukilijua, litakukaa ku ulimi, na siku moja litatoka. Acha mi tu nilijue."

Kuanzia hapo sikuwa na raha na maneno. Mteja akiongea barazani nilisikiliza kila silabi. Mama akisali rozari nilijikuta nikitazama masikio ya mbwa. Redio niliiondoa uani. Mbwa alikuwa sasa ananifuata kwa macho ya upole, ananusa mkono wangu, analala chali nikimpaka mafuta ya mawese kwenye makovu ya shingo. Na wakati wote nilijua kuna mlango ndani yake ambao sijaufikia, na ufunguo wake uko mdomoni mwa ndugu yangu, na mwa watu wengine nisiowajua.

Ila baada ya siku ile yaya alitoka nje. Alikuja mwenyewe, akachukua gunia kutoka mikononi mwangu. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kulenga begani, basi si mimi nitakayerukiwa. Alianza mbali, upande ule wa choo, mama akishika kikombe. Aliliinua hadi kiunoni. Hadi kifuani. Siku nyingine alikaa tu chini na gunia mapajani, wanatazamana. Na jioni moja kabla ya jua kuzama aliliweka begani, tupu, likaning'inia kama kitambaa. Mbwa alisimama wima. Alimtazama yaya, akatazama gunia, akapiga miayo mirefu, kisha akamgeukia mama na kikombe chake. Yaya aliliteremsha na kuketi palepale kwenye tope, mikono usoni.

Watu wa depo walikuja masika yakiwa yanaisha. Pikapu nyeupe, watu wawili. Mmoja alikuwa mkubwa wa walinzi wa zamani, mnene, kofia mpya. Mwingine mwanaume wa makamo, mpakiaji, nguo zake zimejaa vumbi la kijivu. Yule mkubwa alinisalimu kwa heshima zote.

"Jambo, mama. Yaya yako iko? Depo inafunguka. Tunatafuta mbwa yetu."

Yaya alitoka. Walishikana mikono. Nilileta viti, lakini yule mkubwa hakuketi. Alikuwa akimtazama mbwa, ambaye alikuwa kwenye mnyororo wake kivulini, na mbwa alikuwa amelala kifudifudi, kidevu chini, namna ileile ya siku ya kwanza. Paka hakuwepo tena ukutani.

"Mbwa hafai tena," yaya alisema. "Amezeeka."

"Tuone."

"Tata, hapana," nilisema. "Usijaribu kitu hapa. Mama yetu iko mu nyumba."

Alitabasamu, akamfanyia mpakiaji ishara kwa kidole. Yule mtu alikwenda kwenye pikapu, akatoa gunia lililojaa. Nilimwona akisita. Aliliinua begani na kuja hadi katikati ya uwanja, akasimama pale alipoelekezwa, uso wake umekauka. Alijua amesimama wapi.

Mbwa aliinuka. Nilisema kwa sauti ya chini, ile ninayotumia kila siku, "Kaa." Akakaa. Mwili wote ulikuwa unatetemeka, lakini alikaa, akanigeukia.

Ndipo mkubwa wa walinzi alipolisema neno.

Sitaliandika. Ni neno la kanisani, neno zuri, na tangu hapo nikilisikia kwenye misa nashika benchi. Mnyororo ulikuwa mrefu, niliufanya mrefu kwa mikono yangu. Mbwa alivuka uwanja kimya kama maji. Mpakiaji aligeuka kukimbia, gunia likamwangukia miguuni, na mbwa akamshika paja.

Sikusikia kikombe kilipoanza kugongwa. Mama alikuwa mlangoni, anagonga kwa kijiko, bila haraka, kama anayemwita paka. Yaya hakupaza sauti. Alipiga magoti kwenye vumbi karibu na kichwa cha mbwa, mikono chini, wazi, na akasema, "Kuja, baba. Kuja. Imeisha." Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona jicho moja la mbwa likimtafuta. Taya zilikuwa bado zimefunga. Kisha zikafunguka. Alirudi nyuma, akatembea kwa yaya, akaingiza kichwa chini ya kwapa lake, na mkojo ukamtoka.

"Mumemuharibu," mkubwa wa walinzi alisema. Alikuwa ameshachukua fimbo kutoka kwenye pikapu. Yaya alisimama na kumshika mkono wa fimbo, akaushika muda mrefu, wala hakumpiga.

"Enda," alimwambia. "Tafazali, tata, enda."

"Tutarudia hapa."

Mpakiaji hakupanda pikapu. Iliondoka bila yeye. Mama alimketisha barazani, akamwosha paja. Meno yalikuwa yameingia, si kwa kina. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya achomwe sindano. Njiani, juu ya pikipiki, akiwa kati yangu na dereva, aliniambia kwamba kule depo tayari wana mbwa wengine, wadogo, wamefungwa kila mmoja kwenye chumba chake cha giza, na kwamba yeye ndiye anayejaza magunia majani.

"Sitarudia kule," alisema. Sijui kama alitimiza. Hatukumwona tena.

Yaya hakungoja wale watu warudi. Alifunga begi lake na kuondoka na mbwa kwa lori la mahindi lililokuwa likielekea Lubudi, kwenye mashamba ya ukoo wa mama. Walipokuja kweli, wengi zaidi, walikuta mnyororo mtupu kwenye mti wa paipai. Walizunguka nyumba, mmoja akafungua jiko, akatazama ndani. Mama aliwaambia mbwa amekufa. Hajawahi kusema uongo mbele yangu kabla ya hapo, na hakuonekana kujutia.

Kule Lubudi mbwa anaishi. Ananenepa, yaya ananiambia kwa simu. Wakati wa mavuno anamfungia ndani kwa sababu magunia ni mengi na watu ni wengi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba hatamrukia mtu. Nimekwenda kumwona. Alinijua. Nilimkuna shingo, naye akalala chali. Hata hivyo nilipofika pale na begi langu, nililibeba kichwani, na nitalibeba kichwani kila nitakapokwenda.

Yaya hurudi Kolwezi mara kwa mara. Hakai sana nyumbani. Anatoka asubuhi kwa miguu, anapita machimboni, anapita mahali vijana wanapoosha mawe, anaingia kwenye vituo vya afya. Anauliza kuhusu kijana mwenye kovu shingoni au begani. Wengine wanamjibu, wengine wanamtazama viatu na kumwuliza anatumwa na nani. Wapo waliomfukuza kwa mawe. Aliporudi mara ya mwisho, mama alimwekea bukari, ugali wetu, na kukaa mbele yake mpaka amalize kula.

"Na ukimupata?" mama alimuuliza. "Utamuambia nini?"

Yaya aliosha mikono kwenye beseni, akaikausha polepole kidole kwa kidole.

"Sijue, mama," alisema. "Kama iko muzima, nitamuacha yeye aseme."

Kesho yake asubuhi alitoka tena, kabla sijafungua cherehani.